Kompyuta ya Ofisi Ikizeeka, Nani Ataamua?

Watoto wa Usukuma wamesimuliwa na wazee wao habari za mizani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa na wanunuzi. Wakaungana, wakaweka watu wao wenyewe kusimamia upimaji, na kwa uongozi wa watu kama marehemu Paul Bomani vyama vyao vikakua hata mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mkulima alitaka jambo moja tu, nalo ni kwamba uzito ulioandikwa uwe ndio uzito alioleta.

Leo mzani umepata mwenzake. Katika ofisi ya chama cha msingi cha pamba mkoani Shinyanga, au kwa mnunuzi wa dhahabu mjini Geita, ambako soko la madini lilifunguliwa Machi 2019, kilo na gramu zikishapimwa huingizwa katika kompyuta. Humo mna jina la mwenye mali, mna deni lake la mbegu na dawa, mna hesabu ya malipo yake. Mashine hiyo ikiharibika, au ikiingiliwa na mwizi aliye ng'ambo ya bahari, anayepotelewa ni yule mama wa Kishapu aliyeleta marobota yake. Kwa hiyo swali la lini kompyuta ya ofisi ibadilishwe si la karani peke yake, wala si la mwenye duka. Ni swali la wanachama.

Tena swali hili limekwisha kubisha hodi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, programu kuu iliyotolewa mwaka 2015 na ambayo imeendesha kompyuta nyingi za maofisi yetu. Siku ile hapana mashine iliyozimika. Karani alifika asubuhi, akawasha, akafanya kazi yake kama jana. Ndiyo maana wengi hawakuona jambo lo lote. Lakini kilichokoma ni marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakiletwa kila mwezi bila ya malipo. Programu ya namna hii ni kama nyumba ya udongo: kila mara nyufa mpya huonekana, na fundi huja kuziziba. Fundi akiisha kuondoka, nyumba husimama bado, ila nyufa zinazovumbuliwa baadaye hubaki wazi, na wezi huzisoma habari zake kama tuzisomavyo sisi.

Muda wa nyongeza ulitolewa: kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na kwa maofisi yenye kulipia hadi Oktoba 2028. Bei ya maofisi ilitangazwa kuwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka unaofuata. Chama kidogo kitafanya vema kupiga hesabu kabla ya kuingia njia hiyo, maana fedha ya miaka mitatu yaweza kununua mashine nyingine.

Sasa, wako wanaosema kwamba kila kompyuta yenye miaka sita au saba itupwe. Hao mara nyingi ndio wanaouza. Wako pia viongozi wanaojisifu kwamba mashine yao haijaguswa tangu inunuliwe, kana kwamba ni sifa. Wote wawili wanatazama umri, nao umri peke yake haufundishi kitu. Yapasa kutazama kazi ya mashine na njia zake za kutokea nje. Kompyuta inayochapa barua za mikutano, isiyounganishwa na intaneti, yaweza kuzeeka kwa amani, mradi flashi za kila mpita njia zisichomekwe humo. Lakini ile inayotuma malipo benki, au inayofungua mifumo ya Serikali na kutunza daftari la wanachama, haina ruhusa ya kukaa hata msimu mmoja bila ya ulinzi.

Ulimwengu umekwisha kupata somo lake. Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry vilienea katika nchi nyingi kwa siku chache, vikafunga mafaili na kudai fedha. Huko Uingereza hospitali za umma zilivurugika, na miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ikakadiriwa kuwa imefutwa. Jambo la kutazamwa sana ni hili: dawa ya ufa ule ilikuwa imetolewa tangu Machi mwaka ule ule, na mashine nyingi zilizoambukizwa hazikuwa kuukuu kupindukia, zilikuwa zikitumia Windows 7, iliyokuwa ingali ikitunzwa. Wenyewe walikuwa hawajaiweka dawa hiyo. Basi ofisi inunuayo mashine mpya na kuizuia kupokea marekebisho, eti yanakula bando, imenunua mlango mpya na kuuacha wazi.

Kabla ya kununua, mashine na ipimwe. Uzito wa mwendo mara nyingi ni wa diski ya zamani yenye kuzunguka, au wa vumbi letu la kiangazi lililojaa katika feni. Diski ya kisasa na kumbukumbu kidogo ya ziada huweza kuirudishia nguvu kwa gharama ndogo. Windows 11 inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, kwa jumla, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Isiyotimiza hayo yaweza kuwekewa Linux, ambayo haina ada na inatosha kwa kazi zinazofanywa katika intaneti; ila ijaribiwe kwanza na mashine ya kuchapa na programu ya hesabu, maana si zote zitakubali.

Anayenunua kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya na kuletwa huku aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei. Yule anayechukua ya kizazi cha nne kwa sababu ni rahisi amenunua shida ile ile aliyoikimbia.

Na ile ya zamani isiuzwe na diski yake imejaa majina ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sote. Wala isichomwe moto nyuma ya ofisi kutafuta shaba: mna risasi ndani yake, na watu wa Geita, wanaoijua zebaki, hawahitaji kufundishwa habari za sumu. (Mna pia dhahabu kidogo katika vibao vyake, lakini mchimbaji hatapata riziki humo.)

Ununuzi wa pamba kwa kawaida huanza mwezi wa Mei. Basi mkutano mkuu utakaoketi kabla ya hapo na uulize mambo matatu kwa karani, naye ajibu mbele ya watu: mashine yetu inatumia programu gani, ulinzi wake unakwisha lini, na nakala ya daftari la wanachama imehifadhiwa wapi nje ya mashine hiyo. Kisha fungu la fedha liandikwe katika makisio ya mwaka, mashine ingali inawaka.