Je, Wajua? Arusha ilivyochangia kufutwa kwa hukumu ya kifo Rwanda

Novemba 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuunda mahakama ya kuwahukumu wapangaji wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ni nchi moja tu iliyopinga: Rwanda yenyewe, iliyokuwa mjumbe wa Baraza hilo. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba adhabu kubwa kabisa ya mahakama hiyo ingekuwa kifungo cha maisha. Uchungu wake unaeleweka, maana damu ilikuwa haijakauka.

Aprili 1998, watu 22 waliopatikana na hatia ya mauaji ya kimbari katika mahakama za Rwanda walipigwa risasi hadharani.

Lakini ile mahakama ya Umoja wa Mataifa, iliyoketi Arusha, Tanzania, haikuweza kuwakabidhi washtakiwa kwa nchi ambako wangeweza kunyongwa au kupigwa risasi. Rwanda iliwataka, na mataifa ya Ulaya yaliyokuwa na watuhumiwa nayo yalishikilia sharti hilohilo. Julai 2007 Rwanda ikafuta adhabu ya kifo, hata kwa wauaji wa kimbari, na mwaka uliofuata ikaridhia itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 1989 inayoikomesha. Ni uamuzi wa kijasiri kwa taifa lenye majeraha kama yale. Mshtakiwa wa kwanza kutoka Arusha alipelekwa Kigali mwaka 2012.

Mahakama nyingine yenye makao Arusha nayo iligusa adhabu hiyo: mwaka 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kuwa hukumu ya kifo ya lazima nchini Tanzania inakiuka haki ya kuishi.