Acha Kuzungusha Dishi, Cheki Juu-Chini

Unaijua hii sinema. Mechi iko karibu kuanza, wewe uko juu ya mabati, ndugu yako yuko sebuleni anapiga kelele: "Bado! Bado! Hapo hapo... aah, imepotea!" Unazungusha kushoto, unazungusha kulia, mpaka mtaa mzima unajua TV yenu imegoma.

Mimi nimezungusha sana. Niliacha chuo karo ilipokwama, na kazi iliyonilisha ikawa kufunga madishi hapa Likoni na kule Kisauni. Kuna kibanda cha mpira kilichoniita mara tatu kwa wiki moja. Mara ya tatu mwenyewe hata hakunigombeza. Aliniambia tu wateja wamehamia kwa jirani. Iliniuma kuliko matusi.

Kosa langu? Nilifuata video za mafundi wa Ulaya. London, setilaiti ya digrii 28.2 mashariki iko digrii 25 tu juu ya upeo wa macho. Sisi tuko digrii 4 kusini mwa ikweta. Setilaiti za digrii 36 mashariki, zinazorusha DStv, kwetu ziko karibu utosini: digrii 83 na nusu hivi, upande wa kaskazini-magharibi, kama unaangalia Jomvu ukiwa Likoni.

Sasa sikiza. Kitu kikiwa utosini, ukizungusha dishi digrii 5 unahamisha shabaha kama nusu digrii tu. Lakini ukikosea juu-chini digrii 1, umekosa digrii nzima. Setilaiti iko kilomita 36,000 hivi kutoka hapa, kwa hivyo digrii hiyo moja ni zaidi ya kilomita 600 huko juu, mbali kuliko Mombasa hadi Nairobi. Dishi la sentimita 90 hapo limepoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi.

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa ya fundi:

Kama picha inakatika wakati wa mvua kubwa pekee, usiguse kitu. Ngoja mvua ipite.

Pima mlingoti kwa timazi. Ukiwa umeinama digrii 3, namba za kwenye bano zinakudanganya digrii 3.

Kagua nati za juu-chini. Chumvi ya bahari inazila, halafu kusi likivuma dishi linashuka taratibu bila wewe kujua.

Soma namba za bano, usiamini macho. Haya madishi ya kawaida hayalali chali hata yakiangalia utosini.

Sogeza kidogo sana, kisha subiri dikoda isome. Fuata mstari wa ubora, si wa nguvu. Nguvu inaweza kupanda hata ukiwa umelenga setilaiti ya wenyewe.

Bolti ikifika mwisho na bado, usiilazimishe. Rudi kwa mlingoti.

Na usipande gizani, wala karibu na nyaya za stima. Mechi itarudiwa, wewe hurudiwi.

Pale kibandani nilirudi mara ya nne bila kuitwa, na sikudai hata shilingi. Mlingoti ulikuwa umeinama kuelekea baharini. Nikaunyoosha, nikainua dishi kidogo tu, nikakaza nati. Jumamosi iliyofuata nilipita hapo nikakosa pa kukaa.