PIKIPIKI ILIYOLALA HUAMSHWAJE?

Wahenga walinena, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndugu msomaji, methali hii niliielewa barabara likizo ya Agosti, baba alipotaka kuiuza pikipiki ya marehemu babu kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Ilikuwa Honda C70, imesimama ghalani tangu mwaka wa 2011, kuku wakitagia kwenye kiti. Nilimsihi anipe wiki tatu. Alikubali shingo upande.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Honda walianza kuunda pikipiki za jamii hii, Super Cub, huko Japani mwaka wa 1958. Kufikia mwaka wa 2017 zilikuwa zimeundwa milioni 100. C70 ina gia tatu na haina mkono wa klachi. Muundo wake ni rahisi, ndiyo maana hufufuka.

Kosa kubwa, ambalo nusura nilifanye, ni kurukia kiki. Mjomba, ambaye ni fundi, alinizuia: "Mpwa wangu, ukipiga kiki sasa utaiua kabisa!" Pikipiki ikikaa sana, oili iliyopaka silinda hutiririka chini na kutu huingia. Ukiilazimisha pistoni, silinda hukwaruzika. Basi tulifungua plagi, tukatia oili kidogo tunduni, tukangoja siku mbili. Kisha tukaisukuma kiki kwa mkono, polepole, mpaka injini ikalegea.

Pili ni petroli. Ikikaa miaka huharibika na kuacha utomvu kama gundi. Utomvu huo huziba jeti ya kabureta, ambayo tundu lake ni dogo ajabu. Tulilizibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, kwa sababu chuma kigumu kingelipanua. Tangi nalo lilijaa kutu. Tulitia kokoto safi na maji ya sabuni, tukalitikisa mpaka mikono ikauma, tukalisuuza na kulikausha juani. Jamani, kazi hii ifanyiwe nje, mbali na jiko, kwani mvuke wa petroli hushika moto upesi.

Tatu, tulimwaga oili ya zamani, nyeusi kama lami, tukatia mpya. Vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche vilikuwa na ukungu. Tulivisugua kwa msasa laini.

Siku ya kumi na tisa, kiki ya sita, ikanguruma! Nilitaka kuipanda papo hapo. Mjomba akachomoa ufunguo. "Umeshajua itakavyosimama?" Kumbe tairi zilikuwa na nyufa na breki zimekauka. Tulinunua tairi, tyubu na breki mpya, tukapaka nyaya grisi. Msomaji, usisahau hili: injini nzima bila breki ni jeneza.

Nyanya aliposikia mlio alitoka jikoni, mwiko mkononi. Alisimama kimya kwa muda, kisha akasema, "Hivyo ndivyo alivyokuwa akirudi jioni." Baba aliinama akajifanya anakagua tairi. Tangu siku hiyo hajataja tena habari za vyuma vikuukuu.

Kwa hivyo, wenzangu, kabla ya kukitupa cha kale, kichunguzeni kwanza. Mvumilivu hula mbivu.