Nyumba za Msaada wa Kanisa: Nani Anastahili, na Kiwanja ni cha Nani

Mwezi Oktoba 2020, katika muda wa majuma machache tu, zaidi ya watu elfu kumi waliteremka kutoka mashuani katika ufuo wa Paquitequete, mjini Pemba. Walitoka katika pwani za Macomia, Quissanga na Ibo, na watu wa Quiterajo walikuwamo. Ilikuwa haijatimia hata miaka miwili tangu kimbunga Kenneth, cha tarehe 25 Aprili 2019, kilipoezua mapaa ya pwani hiyo hiyo. Ziko familia, basi, ambazo nyumba zao zilianguka mara ya kwanza kwa upepo, nazo zilipokwisha kusimamishwa upya zikateketea kwa moto wa vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017.

Miongoni mwa waliowapokea watu hao ni Caritas ya Jimbo Katoliki la Pemba, chombo cha huduma za jamii cha Kanisa. Msaada wake ulianza na chakula, mablanketi na turubai, kisha ukafikia mbegu na vifaa vya kujengea. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo sisi wa kitengo cha uhusiano huulizwa mara nyingi barazani, aghalabu kwa sauti ya chini: je, Mwislamu akipokea nyumba kutoka kwa Kanisa, hatatakiwa baadaye kulipa kwa dini yake?

Swali hili ni la haki, na halifai kujibiwa kwa hasira. Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada duniani, Caritas ya kimataifa ikiwa miongoni mwao pamoja na Msalaba Mwekundu, yalikubaliana juu ya kanuni za mwenendo wakati wa maafa. Kanuni mojawapo inasema kwamba msaada hutolewa kwa kadiri ya shida ya mtu, bila kutazama imani, kabila wala taifa lake. Nyingine inakataza msaada kutumiwa kueneza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Kwa hiyo, mgawaji anayemwambia mtu kwamba turubai lina masharti ya ibada anavunja kanuni ya shirika lake mwenyewe, na anafaa kushitakiwa kwa wakubwa wake. Tena tusisahau kwamba Kanisa lenyewe limo katika orodha ya waliopoteza paa. Misheni ya Nangololo, wilayani Muidumbe, iliyoanzishwa mwaka 1924, iliharibiwa mwishoni mwa mwaka 2020, na mapadri na masista wakakimbia pamoja na waumini wao.

Wala jambo hili si geni katika bonde la Ruvuma. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Zanzibar aliongoza kundi la watumwa walioachiwa huru, watu waliokuwa wakikaa Mbweni, Unguja, wasio na kwao pa kurudi. Nia ilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa, lakini wakakaa Masasi, wakajenga na kulima. Mwaka 1882 kijiji hicho kilivamiwa, na wengi wakahamia upande wa Newala, mpaka Masasi ilipoinuka tena baadaye. Msomaji wa Mtwara au wa Palma aliyesikia habari hizo kwa wazee ataona kwamba yanayompata mtu wa Quiterajo leo yaliwahi kumpata jirani.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Nyumba ya kawaida ya pwani yetu ni ya miti na udongo: boriti za mikoko, fito zilizofungwa kwa kamba, kuta zilizokandikwa, paa la makuti. Kwa mtu aliye kwao, gharama yake kubwa ni jasho, kwa kuwa minazi ni yake, udongo uko nyuma ya ua, na mikono ya ndugu ipo. Mtu huyo huyo akihamishiwa Metuge au Ancuabe, minazi ni ya wenyewe, miti hukatwa mbali, na ndugu wametawanyika. Kila alichokuwa akikipata bure amegeuka mnunuzi wake. Ndiyo maana shirika lenye busara halianzi kwa kupandisha ukuta wa matofali. Hutoa kile ambacho familia haiwezi kukipata, kama vile turubai, misumari, zana, mianzi, na baadaye bati, kisha likawaachia wenyewe kazi wanayoijua. Kwa maoni yangu, huko ndiko kusaidia kwa heshima. Nyumba aliyoikandika mwenyewe, mtu hataiuza kesho kwa bei ya debe la mchele.

Iko pia njia ya mkopo. Millard Fuller, Mkristo wa Marekani, alikwenda Mbandaka, nchini Zaire, mwaka 1973, akasimamia ujenzi wa nyumba za wenye kipato kidogo. Familia ililipa kidogo kidogo bila riba, na fedha zilizorudi zikajenga nyumba ya mwingine. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1976 alianzisha shirika la Habitat for Humanity, ambalo limefika hata Msumbiji. Riba aliikataa kwa kufuata Biblia, inayokataza kumtoza maskini faida. Wasomaji wetu Waislamu watalitambua katazo hilo bila kufafanuliwa.

Penye msaada hapakosi mwizi. Kuandikishwa katika orodha ya wahitaji hakulipiwi, si kwa fedha, si kwa sehemu ya mgao, wala kwa mwili wa mwanamke. Anayedai kimojawapo, awe kiongozi wa mtaa, mfanyakazi wa shirika au hata askari, anatenda kosa, na aliyedaiwa hana hatia yoyote. Mlalamikaji anaweza kufika kituoni, au kupiga simu ya bure ya Linha Verde, namba 1458, inayopokea malalamiko kuhusu misaada.

Limebaki suala la kiwanja, nalo ndilo litakaloleta ugomvi mwingi watu wanaporejea. Nchini Msumbiji ardhi ni mali ya Serikali na haiuzwi. Anayekuuzia kiwanja cha aliyekimbia anakuuzia maneno. Sheria ya Ardhi Na. 19/97 ya tarehe 1 Oktoba 1997 inatambua haki ya matumizi kwa aliyekaa kwa mila na desturi za mahali, na pia kwa aliyekaa kwa nia njema muda usiopungua miaka kumi, hata kama hana hati. Karatasi zikiungua, haki haikuungua nazo. Ushahidi wa mdomo wa wanajamii, wanaume kwa wanawake, unakubalika, na mjane anayo haki sawa na ya shemeji yake.

Basi kabla shirika lolote halijashusha bati Quiterajo, wazee na majirani wakae pamoja, waonyeshane mwembe ulikuwa wa nani, kisima kilichimbwa na nani, na mpaka ulipita wapi, kisha kiongozi wa mahali ayaandike yote mbele yao.