Tunda kavu ni akiba, si peremende

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Yamkini aliyeitunga methali hiyo hakuwa akifikiria matunda, maana tunda ni miongoni mwa vyakula viozavyo upesi mno. Embe lililoiva vizuri siku ya Jumatatu huwa halifai kitu ifikapo Ijumaa. Hata hivyo, binadamu aligundua tangu zama za kale jinsi ya kulifanya tunda nalo liwe akiba: alilianika juani hadi maji yakalitoka.

Leo nataka kuzungumza na walimu na wanafunzi kuhusu tunda hilo lililokaushwa. Nimechagua mada hii kwa sababu katika kaunti yetu ya Kajiado naona hali mbili zinazokinzana. Huku Kitengela, mji ambao katika sensa ya mwaka wa 2019 ulikuwa umepita wakazi 150,000, maduka yamejaa pakiti za zabibu kavu, tende, maembe na mananasi makavu, na wamo watoto wanaozitafuna kutwa kucha. Lakini ukishika barabara ya Namanga ukapita Isinya, Kajiado mjini na Ilbissil, kisha ukaiacha lami na kuingia nyikani, utakuta watoto ambao wakati wa kiangazi huenda wiki baada ya wiki bila kuonja tunda la aina yoyote. Chakula ni kile kile. Ushauri unaowafaa hawa na wale haufanani.

Na tuanze na tunda lenyewe. Zabibu iliyotoka mzabibuni ni maji kwa kiasi cha asilimia 80 hivi. Ikikaushwa, maji hubaki kama asilimia 15. Sukari yake je, imekwenda wapi? Haijakwenda popote. Ndiyo maana huhitajika takriban kilo nne za zabibu kupata kilo moja ya zabibu kavu, na katika kila gramu 100 za zabibu kavu mna sukari ipatayo gramu 60. Tende nayo haiko mbali na hapo. Tende moja ndogo, ukiitoa kokwa, ina sukari ya kadiri ya kijiko kimoja cha chai. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hii: mtoto aliyemaliza tende kumi akiandika kazi ya ziada, ametia kinywani vijiko vingapi?

Sisemi haya ili kuwatisha watu wasile tende. Tunda kavu lina heri nyingi. Ufumwele wake hubaki, na huo ndio unaosaidia tumbo kufanya kazi barabara. Madini ya potasiamu na chuma hubaki pia. Kinachopotea kwa wingi ni vitamini C, ambayo haistahimili joto na hewa. Kwa hivyo tunda kavu ni msaidizi wa tunda lenye maji yake, wala si mrithi wake. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wataalamu wa Uingereza huhesabu gramu 30 za tunda kavu kuwa sawa na gramu 80 za tunda la kawaida. Gramu 30 ni kiasi gani? Kiswahili kina neno lake: ni ukufi, yaani ujazo wa kiganja cha mkono mmoja. Ukufi mmoja wa zabibu kavu kwa siku ni chakula. Pakiti nzima ni peremende iliyovaa jina la tunda.

Hatari kubwa imo katika namna ya kula. Methali yatuambia kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa upande wa meno, chovya chovya humaliza meno kabla ya asali. Vijidudu vilivyo kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo huila ngozi ngumu ya jino. Tunda kavu hunata katikati ya meno, na mtoto anayekula punje moja moja tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni huyaacha meno yake ndani ya asidi mchana kutwa. Heri ale ukufi wake mara moja pamoja na mlo, kisha anywe maji. Wanafunzi wa Kajiado wasichanganye jambo hili na madoa ya kahawia ambayo wengi wetu tunayo menoni. Hayo hutokana na floridi nyingi iliyomo katika maji ya visima vyetu, na ni tatizo jingine kabisa.

Halafu kuna ulaghai wa jina. Matunda mengi makavu ya madukani, hasa mananasi na maembe, huchovywa katika maji ya sukari kabla ya kukaushwa. Mwanafunzi ajifunze kusoma orodha ya viungo nyuma ya pakiti. Akiona neno sukari, ajue kwamba ameongezewa sukari juu ya sukari. Baadhi, kama vile aprikoti zenye rangi ya machungwa inayong'aa, hutiwa dawa ya salfa ili rangi isififie, na dawa hiyo yaweza kumchochea mwenye ugonjwa wa pumu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni mabuyu yanayouzwa langoni mwa shule. Ubuyu ni tunda la ajabu, kwani hukauka lenyewe likiwa bado mtini, na unga wake mweupe una vitamini C kwa wingi. Unga huo ukikorogwa katika uji humpa mtoto faida tupu. Lakini mabuyu yale mekundu yamepikwa kwa sukari na kutiwa rangi. Aliyeyala hajala tunda. Amekula sukari iliyoganda juu ya mbegu. Nimewasikia wazazi wakisema, "Acha ale, hayo ni matunda tu." Kauli hiyo ndiyo ninayoipinga.

Watu wa pwani walikuwa na busara katika jambo hili. Kwa karne nyingi majahazi yaliteremka na upepo wa kaskazi kutoka Ghuba yakileta makanda ya tende Lamu na Mombasa. Tende ilikuwa tele, lakini ililiwa kwa adabu. Waislamu wengi hufungua saumu kwa tende chache, aghalabu tatu, na maji. Barazani, tende huliwa pamoja na kahawa chungu, nayo kahawa hiyo huuzuia mkono usirudi sahanini mara kwa mara. Kipimo kilikuwa ndani ya desturi, na hakuna aliyehitaji kuhubiriwa.

Sasa tuelekee nyikani, ambako dhiki si wingi bali uhaba. Kati ya mwaka wa 2020 na 2022 mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo, na wafugaji wa Kajiado walipoteza mifugo kwa idadi ya kuliza. Maziwa yalipokauka, lishe ya watoto ilikauka nayo. Wakati huo huo, jirani zetu wa Makueni, ng'ambo tu ya Emali, hushuhudia maembe yakioza chini ya miti kila msimu kwa kukosa wanunuzi. Maembe hayo huiva kwa wingi kati ya Desemba na Machi, na Januari na Februari ndipo jua letu la Kajiado linapowaka bila huruma. Embe lipo, na jua halina bei. Kwa nini tusiweke akiba ya mwezi wa Agosti?

Wafugaji si wageni wa maarifa ya kuhifadhi chakula. Wamaasai wamekuwa wakikaanga nyama na kuihifadhi ndani ya mafuta tangu enzi za mababu. Kukausha embe ni elimu nyepesi kuliko hiyo. Embe huoshwa, humenywa na kukatwa vipande vyembamba, unene wa nusu sentimita hivi. Vipande hupangwa juu ya chekeche safi lililoinuliwa kutoka ardhini, kisha hufunikwa kwa chandarua kuzuia nzi na vumbi. Ni bora kuweka kitambaa cheusi juu yake, kwa sababu jua kali la moja kwa moja huharibu kiini cha vitamini A, ambayo ni hazina ya macho. Kipande kilichokauka sawasawa hukunjika bila kuvunjika, na kikibanwa hakitoi maji. Hapo huwekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko cha kubana.

Nasisitiza ukavu kwa sababu nchi yetu imewahi kulipa kwa uhai. Mwaka wa 2004 mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu wenye sumu ya aflatoksini huko Ukambani, na watu 125 wakafariki. Matunda makavu nayo yaweza kuota kuvu wa namna hiyo. Ukiona ukungu, tupa vyote. Usichague vipande vinavyoonekana vizima.

Walimu wenzangu wa taifa hili, mtaala wa umilisi umetupa somo la kilimo na lishe, na somo hilo halihitaji maabara ya gharama. Chekeche, chandarua na maembe machache vyatosha. Mwalimu wa chekechea akumbuke kuitoa kokwa ya tende na kuikatakata, kwani punje nzima yaweza kumkaba mtoto mdogo. Mwalimu wa Kitengela awafundishe wanafunzi ukufi na kusoma pakiti. Mwenzake wa nyikani awafundishe kuanika, na awatilie vipande vya embe katika uji badala ya kuwapa pamoja na chai, kwa maana chai ya rangi huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mwenye kisukari asijinyime kabisa, ila ahesabu ukufi wake ndani ya chakula cha siku na amsikilize daktari wake.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni kipimo. Mtoto wa mjini afunzwe kutokipita, na mtoto wa nyikani asaidiwe kukijaza. Tukiyafanya hayo mawili, akiba yetu haitaoza, wala haitatuozesha meno.