Homa ya Ini Inapojitokeza Miguuni

Msikilizaji, ikitajwa homa ya ini, wengi wetu hufikiria macho ya manjano na tumbo kujaa maji. Ni wachache wanaojua kwamba ugonjwa huo huweza kumpeleka mtu hospitali kwa madoa ya miguuni, maumivu ya viungo au figo.

Nazungumzia homa ya ini aina ya C, ambayo virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1989. Virusi hivyo vikikaa mwilini miaka mingi, chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili hazipati mapumziko, na mwishowe huanza kutoa protini zenye kasoro. Protini hizo huitwa krayoglobulini, jina lililotolewa mwaka 1947. Katika joto la mwili, yaani nyuzi 37, huyeyuka ndani ya damu. Damu ikipoa hugandamana, mfano wa mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Ikipashwa joto, huyeyuka tena.

Protini hizo zikinasa katika mishipa midogo ya damu, mishipa huvimba. Ndipo huja madoa ya zambarau miguuni, viungo kuuma na mwili kulegea. Wengine hufa ganzi nyayo, na wengine mkojo hutoka na damu, ishara kwamba figo zimeguswa.

Tusitishane. Karibu nusu ya wenye maambukizo sugu ya aina C hukutwa na protini hizi, lakini wanaougua kwa sababu yake ni wachache.

Taabu iko kwenye kipimo. Damu ikiachwa ipoe kabla ya kutenganishwa maabara, protini huzama pamoja na chembe za damu, na majibu hurudi kwamba hakuna kitu, kumbe ugonjwa upo. Sampuli haina budi kutunzwa katika joto la nyuzi 37 tangu inapotoka mkononi mwa mgonjwa.

Habari njema ni kwamba vidonge vilivyoanza kupatikana miaka ya 2013 na 2014 huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100, kwa wiki 8 au 12. Virusi vikiondoka, wengi hupata nafuu ya madoa na maumivu. Lakini figo au neva iliyokwisha kuharibika huenda isirudi kama zamani.

Basi, mwenye madoa miguuni yasiyokwisha asiishie kwenye dawa ya kupaka. Aombe kupimwa homa ya ini. Nasi sote tusichangie nyembe wala sindano, kwani aina hii ya C haina chanjo.