Je, Wajua? Meseji Humsaidia Mvutaji Kuachana na Sigara

Je, wajua kwamba meseji za kawaida za simu zinaweza kuongeza maradufu idadi ya wanaoacha sigara? Hayo yalionekana Uingereza katika utafiti wa txt2stop, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2011 ukiwa na wavutaji 5,800.

Nusu yao walitumiwa meseji 5 kila siku kwa wiki 5 za mwanzo, kisha 3 kwa wiki. Aliyebanwa na arosto alituma neno moja tu, akapata papo hapo ushauri wa kumvusha dakika zile ngumu. Baada ya miezi 6, asilimia 10.7 walikuwa wameacha, na vipimo vilithibitisha hivyo. Kwa wenzao waliopata meseji zisizohusu kuacha sigara, ilikuwa asilimia 4.9.

India ilianzisha huduma kama hiyo mwaka 2016. Mtu anabipu tu, kisha meseji zinaanza kuingia.

Kwa mkulima aliye mbali na zahanati, simu ya kitochi inatosha kupokea meseji kama hizo. Hahitaji intaneti wala nauli. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza meseji zitumike sambamba na dawa na ushauri wa wahudumu wa afya.